Watunzi Waliokimbia na Nota Zao

Mwezi huu kwaya ya vijana wametuomba tuandike juu ya jambo ambalo si la mgao wala la chanjo. Tumekubali, maana jambo lenyewe lilianza na ugomvi, na ugomvi ulitufundisha sisi walimu kuliko wanafunzi.

Ilikuwa hivi. Jumapili moja baada ya mazoezi, vijana walikuwa wamezunguka simu moja wanasikiliza "Baba Yetu", ile Sala ya Bwana ya Kiswahili yenye kwaya kubwa na ngoma. Mmoja akasema mtunzi ni padri wa Bukavu. Mwingine akakataa, eti Kiswahili kile ni cha Tanzania, si cha Kongo. Wa tatu akaapa kwamba ni Mkenya na shangazi yake anamfahamu. Wakatuletea kesi tuamue. Tulipopata mtandao tukatafuta, na wote watatu wakakosa. Mtunzi ni Christopher Tin, Mmarekani mwenye asili ya Kichina, aliyezaliwa mwaka 1976. Aliuandika mwaka 2005, na si kwa ajili ya kanisa bali kwa mchezo wa kompyuta unaoitwa Civilization IV. Mwaka 2011 ukapata tuzo ya Grammy, na haikuwahi kutokea kabla ya hapo kwamba muziki wa mchezo wa kompyuta upewe tuzo hiyo.

Vijana wakanyamaza kidogo. Halafu yule ambaye ndiye huwatungia wenzake nyimbo za Noeli na Pasaka akauliza: "Kwa hiyo, Mwalimu, watu wa namna hiyo bado wapo? Wanaoandika muziki kwenye karatasi, wa okestra na kwaya? Mimi nilifikiri wote walishakufa, akina Bach na Mozart."

Kusema kweli, na sisi hatukuwa mbali na yeye. Shuleni tulifundishwa do-re-mi na majina matatu manne ya Wazungu wa zamani, basi. Tukaanza kutafuta. Kila Alhamisi alasiri tukakaa chini ya mwembe na simu moja na spika ndogo, tukasikiliza watunzi wa siku hizi na wale waliotutoka miaka ya karibuni. Tulichokikuta hatukukitegemea: wengi wao waliwahi kuacha kwao. Wengine walifukuzwa, wengine walikimbia usiku, na mmoja kijiji chake kilifunikwa na maji.

Tuanze na Arvo Pärt wa Estonia, maana huyo ndiye aliyetukaa moyoni.

Alizaliwa mwaka 1935. Nyumbani kwao kulikuwa na piano mbovu: sehemu ya katikati ilikuwa imeharibika, kwa hiyo mtoto akazoea kucheza na sauti za juu kabisa na za chini kabisa. Katika mji wao kulikuwa na kipaza sauti juu ya nguzo, uwanjani, kikitangaza redio. Kijana Pärt alikuwa anapanda baiskeli na kuzunguka uwanja ule, anazunguka tu, ili asikilize okestra mpaka mwisho. Watoto wetu wanaosimama chini ya kipaza sauti siku ya matangazo walicheka sana hapo. Wakamwelewa.

Wakati huo Estonia ilikuwa chini ya Umoja wa Kisovieti, na serikali haikupenda mambo ya dini. Mwaka 1968 Pärt alitoa kazi inayoitwa Credo, ya kwaya, piano na okestra, ambamo wanaimba wazi kwamba wanamwamini Yesu Kristo. Ikapigwa mara moja, ikapata matata, ikazuiwa. Baada ya hapo karibu miaka minane aliandika kidogo sana. Alikuwa anasoma nyimbo za kale za kanisa na kujaza madaftari kwa sauti moja moja, kama mtu anayejifunza kuandika upya. Mwaka 1976 akatoka na kazi fupi ya piano, Für Alina. Ni kurasa mbili tu. Inaelezwa kwamba aliiandika kwa ajili ya binti wa rafiki zao ambaye alikuwa amehamia Uingereza na baba yake, na kwamba kwa kweli ilikuwa ya kumliwaza mama aliyebaki nyuma bila mtoto wake. Tulipoisema habari hiyo, mama mmoja aliyekaa karibu na spika akasema, "Rudisha tena." Tukarudisha mara tatu. Humu kambini hatuna haja ya kueleza kwa nini.

Namna yake ya kutunga si ngumu kuieleza. Sauti mbili. Moja inatembea hatua kwa hatua, kama mtu anayepanda na kushuka ngazi. Nyingine haiendi popote, inagonga sauti tatu tu, do-mi-sol za wimbo huo, kama kengele. Mwenyewe ameiita kwa neno la Kilatini lenye maana ya kengele ndogo. Kazi inayopendwa zaidi ya namna hiyo ni Spiegel im Spiegel ya mwaka 1978, ya fidla na piano. Jina lake ni kioo ndani ya kioo. Mzee mmoja alilala usingizi katikati, na alipoamka akasema hajalala vizuri hivyo tangu masika. Sisi tunaona hiyo ni sifa.

Kazi ya mwaka 1977, Cantus, aliyomkumbukia mtunzi Mwingereza Benjamin Britten aliyekuwa amefariki, tuliwafundisha watoto kwa miguu. Tukawapanga watano kutoka kwenye mwembe mpaka bombani. Wa kwanza apige hatua kila kofi moja. Wa pili kila makofi mawili. Wa tatu kila manne, wa nne kila manane, wa tano kila kumi na sita. Mtoto mwingine tukampa ile rimu ya gari ambayo ndiyo kengele yetu ya shule, aigonge polepole. Yule wa kwanza alifika bombani akanywa maji, wakati wa tano ana hatua mbili tu na ananung'unika. Hivyo ndivyo zinavyofanya ala za nyuzi za Cantus: zote zinashuka ngazi ile ile ya sauti, ila kila kundi linakwenda nusu ya mwendo wa lile la juu yake. Baada ya mchezo tukawawekea muziki wenyewe. Ni kama dakika sita hivi. Hakuna aliyecheka.

Na sasa mpaka. Januari 1980 serikali ilitaka Pärt aondoke, na mke wake Nora, ambaye ana asili ya Kiyahudi, aliwezesha familia kupata ruhusa ya kwenda Israeli. Wakapanda treni na watoto wao wawili wa kiume na masanduku saba. Humo ndani vilijaa nota, kanda na sahani za muziki. Kwenye mpaka, kituo cha Brest, askari wakawaamuru wafungue. Sisi wote tunajua dakika hiyo. Pärt mwenyewe amesimulia kwamba askari walitaka kusikia vitu vile ni nini, basi kwenye kituo kile kikubwa kisicho na watu ikawekwa Cantus. Kisha ikawekwa kazi nyingine, ya misa. Askari wakawa wapole. Wakawaachia wapite.

Israeli hawakufika. Walishukia Vienna, kule Austria, ambako mwakilishi wa wachapishaji wa nota zake aliwapokea, na mwaka uliofuata wakahamia Berlin kwa msaada wa masomo. Walikaa Ujerumani miaka mingi, kisha wakarudi Estonia, nchi ikiwa huru. Tangu mwaka 2018 kuna jumba katika kijiji cha Laulasmaa, katikati ya miti ya misonobari, ambako karatasi zake zote zimehifadhiwa.

Baba wa yule kijana wetu mtunzi alikuwa amekuja Alhamisi hiyo. Huyu mzee hapendi habari za nyimbo. Msemo wake unajulikana: nota hazisagwi zikawa unga. Alikaa mbali, juu ya baiskeli yake, mguu mmoja chini. Tulipomaliza habari ya masanduku akauliza swali moja tu: "Huyo bwana, watoto wake walikula nini?"

Ni swali la haki, na wiki ile tulilitafutia jibu. Pärt alipata watu wa kumshika mkono, lakini si wote wanaopata. Philip Glass wa Marekani, aliyezaliwa mwaka 1937, ana opera maarufu, Einstein on the Beach, ambayo mwaka 1976 ilionyeshwa katika jumba kubwa la opera la New York na watu wakajaa. Baada ya hapo alirudi kuendesha teksi, maana maonyesho yalimwachia madeni. Alikuwa pia fundi bomba. Alikuwa amevuka miaka arobaini ndipo muziki ukaanza kumlisha. Tulipomletea mzee jibu hili alilifikiria, akasema, "Basi kwanza ajifunze bomba." Kijana hakufurahi. Sisi tulifurahi kidogo, maana hakusema aache.

György Ligeti ni mtu wa namna nyingine kabisa. Alizaliwa mwaka 1923 Transylvania, Rumania, katika familia ya Kiyahudi inayosema Kihungaria. Wakati wa vita kuu ya pili, baba yake na mdogo wake walifia katika kambi za Wanazi. Mama yake alipelekwa Auschwitz, akapona. Yeye mwenyewe alichukuliwa kwenye kazi ya kulazimishwa. Baada ya vita alisoma na kufundisha Budapest, ambako serikali ilipanga hata muziki uweje, kwa hiyo mengi aliyoyapenda aliyaandika na kuyafungia kwenye droo. Watu wa Hungaria walipoinuka mwaka 1956 na vifaru vikaja, alikimbia mwezi wa Desemba, sehemu ya njia ndani ya treni ya posta na sehemu kwa miguu usiku, mpaka Austria. Nota zake nyingi zilibaki nyuma.

Tuliweka kazi yake ya okestra, Atmosphères, ya mwaka 1961. Haina wimbo wa kufuata wala mdundo. Ni sauti nyingi mno zilizoshikana kama wingu, zinajaa na kupungua. Vijana waliipenda kwa sababu ilitumika mwaka 1968 katika ile sinema ya safari ya anga, 2001: A Space Odyssey. Lakini kabla ya nusu mama mmoja alisimama, akajifunga kanga vizuri, akasema: "Walimu, zimeni. Hiyo ni sauti ya usiku ule." Tukazima. Hatukuuliza usiku upi.

Tuseme ukweli hapa. Ligeti hakusema kazi hiyo ni ya vita, hata jina lake ni la hewa tu. Lakini kosa lilikuwa letu, kuweka kitu kama kile bila kuwaonya watu. Tangu siku hiyo tunasikiliza kwanza wenyewe, na Atmosphères haipigwi tena kwenye Alhamisi ya familia. Anayeitaka atuone shuleni.

Watoto wao walimpenda Ligeti kwa sababu nyingine. Mwaka 1962 aliandika kazi ya metronomu mia moja. Metronomu ni kile kisanduku chenye mkono unaogonga ta-ta-ta kumwonyesha mpigaji mwendo. Unazitia ufunguo zote mia, kila moja na mwendo wake, unaziachia, na watu wanasikiliza. Mwanzoni ni kama mvua juu ya bati. Zinachoka moja moja, mpaka inabaki moja peke yake, nayo inasimama. Watoto walitaka kuifanya kwa vizibo vya chupa. Walifanya. Tunaomba radhi kwa majirani wa shule.

Sasa sikilizeni linalotuhusu. Mwaka 1982 mwanafunzi wake mmoja, Roberto Sierra wa Puerto Rico, alimletea sahani ya muziki wa Wabanda wa Jamhuri ya Afrika ya Kati, iliyorekodiwa na mtafiti Simha Arom. Ni muziki wa pembe. Kila mpigaji ana pembe yake yenye sauti moja tu. Peke yake hana wimbo. Lazima ajue dakika yake ya kuingia kati ya wenzake, ndipo wimbo unasikika. Wazee wetu wa Rwanda na Burundi walitambua mara moja, wakataja amakondera, pembe za ikulu za zamani za Rwanda. Na akina mama wakasema hiyo ni kutwanga. Ni kweli: wanawake watatu kwenye kinu kimoja, kila mmoja na mchi wake, hakuna anayegongana na mwenzake, na wa nje anasikia mdundo mmoja ambao hakuna hata mmoja wao anayeupiga peke yake.

Ligeti alishikwa na jambo hilo. Aliporudi kwenye piano akaanza kuandika mazoezi yake maarufu, kitabu cha kwanza kikatoka mwaka 1985. La kwanza linaitwa Désordre, yaani fujo. Mkono wa kulia unapiga vibao vyeupe tu, wa kushoto vyeusi tu. Wanaanza pamoja, kisha mmoja unauacha mwingine kidogo kidogo, kama watwangaji wawili wanaopoteana. Ligeti alikufa Vienna mwaka 2006, na mazoezi hayo wapiga piano wanayaheshimu na kuyaogopa.

"Kwa hiyo ametuibia," akasema kijana mmoja. Tulibishana mpaka jua likazama. Upande mmoja ulisema hakuiba, kwa sababu hakuchukua wimbo wa mtu, alijifunza namna ya kufikiri, na alisema waziwazi amejifunza wapi, hata akaandika maneno ya mwanzo katika kitabu cha Arom. Upande wa pili ukasema vizuri, lakini jina la Ligeti tunalijua, na ya wale wapiga pembe tunayajua? Mwaka 2003 mpiga piano Mfaransa Pierre-Laurent Aimard alitoa CD ambamo mazoezi ya Ligeti yamekaa pamoja na nyimbo za Waaka, watu wa msituni wa nchi ile ile, nao wakiimba wenyewe. Wengine waliona hiyo ni haki. Wengine walisema bado. Sisi walimu hatukukubaliana hata kati yetu.

Wasichana waliuliza kama hakuna mama hata mmoja katika kazi hii. Wapo, na wakubwa. Sofia Gubaidulina, Mtatari aliyezaliwa mwaka 1931, aliambiwa na walimu huko Moscow kwamba anatunga vibaya. Ila Shostakovich, mkubwa wa watunzi wote wa pale, alimshauri aendelee na njia yake hiyo ya makosa. Akaendelea. Mwaka 1979 alitajwa hadharani kati ya watunzi saba waliolaumiwa, mwaka uliofuata akamaliza Offertorium, ya fidla na okestra, iliyomjulisha dunia nzima. Alihamia Ujerumani mwaka 1992 na kufa huko Machi 2025. Na Tania León aliondoka Kuba mwaka 1967 akiwa kijana. Mwaka 2021 alipata tuzo ya Pulitzer kwa kazi yake ya okestra, Stride.

Afrika nayo ina watunzi wa namna hii. Justinian Tamusuza wa Uganda aliandika kwa ala nne za nyuzi za Kronos Quartet muziki ambamo ala hizo zinagongwa na kucharazwa kama ngoma za Buganda. Upo katika albamu Pieces of Africa ya mwaka 1992. Humo humo yupo Hamza El Din, na huyo ndiye wa mwisho tuliyemsikiliza.

Alizaliwa mwaka 1929 katika kijiji cha Toshka, Nubia, kusini mwa Misri. Alisomea uhandisi Cairo na kufanya kazi ya reli. Alikuwa amejifunza udi, ala ile ile ya taarabu. Ilipojulikana kwamba bwawa kubwa la Aswan litajengwa na maji yatafunika nchi yao, alipita kijiji kwa kijiji juu ya punda, akiwaeleza watu kinachokuja na huku akikusanya nyimbo zao. Maji yalikuja miaka ya 1960. Vijiji vikazama na watu wakahamishwa. Kazi yake kubwa ni Escalay, yaani gurudumu la maji, lile linalozungushwa na ng'ombe huku mtoto amekaa nyuma akiwaendesha. Inazunguka, inazunguka, unasikia kabisa usingizi wa yule mtoto. Gurudumu lenyewe liko chini ya ziwa. Hamza El Din alikufa California mwaka 2006.

Baada ya Escalay kijana wetu alitueleza jambo ambalo hakuwahi kulisema. Walipokimbia aliacha daftari lenye nyimbo kama arobaini. Anazikumbuka kumi na moja. Na masika yaliyopita alikuwa akienda kwa yule mzee mvuvi aliyejua nyimbo za kupiga kasia za ziwa Tanganyika. Aliandika tatu kwa do-re-mi, kisha mzee akaugua, akafariki. Zilikuwa nyingi. Mjukuu wake anajua mwanzo wa mbili tu.

Sasa anakwenda kwa bibi mmoja anayejua nyimbo za arusi na za kuvuna. Bibi ni mkali. Kijana akiandika, lazima amwimbie alichoandika, na mara nyingi anaambiwa afute. Asubuhi yuko na mafundi wa bomba, kama baba alivyosema.

Madaftari yamemwishia. Mwenye daftari lenye kurasa tupu, hata likiwa limetumika nusu, alilete shuleni. Alhamisi ijayo, saa tisa alasiri, tutarudia Für Alina kwa wale walioikosa. Spika yetu inakoroma, mwenye nzuri aje nayo.